Bi Mize wa Wingwi, Aliyekataa Kuwa Mkubwa Peke Yake

Asalamu aleikum, wasikilizaji wapendwa. Mlio jikoni, punguzeni moto kidogo, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Mize binti Ngwali wa Wingwi, Pemba. Bi Mize alifariki Ijumaa iliyopita.

Mwaka 1958, kina mama wa Wingwi walianzisha chama cha kuzikana. Bi Mize alikuwa mkosha maiti, na wote walimtaka yeye awe mkubwa wa chama. Akakataa.

"Kukosha nitakufunzeni nyote," aliwaambia. "Na ukubwa tupokezane. Kila mwezi na ntu wake."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mwezi aliongoza mama mmoja, na jambo zito waliliamua wote.

Kisha zikaja siasa. Mwaka juzi, 1961, majirani walisusiana. Huyu hanunui dukani kwa yule. Yule haendi mazikoni kwa huyu. Katika hali hiyo akafariki Bi Mgeni, mwenzao wa chama cha kuzikana. Zamu ya kuongoza ilikuwa ya Bi Khairiya. Lakini Bi Khairiya alikuwa wa upande wa pili wa siasa, na mumewe, Himid, alishamkataza kukanyaga nyumba ya kina Bi Mgeni.

Wanawake wakamkimbilia Bi Mize. "Toa amri, bibi! Maiti i ndani!"

"Mie sina amri," akajibu. "Kaeni. Kila mmoja aseme lake."

Wakakaa uani kwake. Mmoja akasema anaogopa talaka. Mwingine akasema Bi Mgeni ndiye aliyemwuguzia mwanawe. Bintiye Bi Mize, Mwanaasha, naye mwanachama, anakumbuka: "Mama angeliweza kwenda peke yake. Akangoja."

Ndipo Bi Khairiya akainuka, akajifunga kanga kiunoni. "Zamu ni yangu. Twendeni."

Wakaenda wote. Bi Khairiya akaongoza, Bi Mize akateka maji.

Himid alinuna muda mrefu. Talaka hakutoa. Na Ijumaa, wasikilizaji wapendwa, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la Bi Mize.

Bi Khairiya ametuambia: "Angeliniamrisha siku ile, ningelirudi kwangu. Aliniachia mwenyewe. Sikuweza kurudi."

Tunampa pole Mwanaasha, jamaa zake wote na watu wa Wingwi. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mize.

Nawe uliyepewa uongozi, wa msikiti, wa shamba au wa ofisi, jiulize usiku huu: wenzako wakikukimbilia, utaweza kungoja waseme?