Dakika Kumi za Mzee Runji

Pale Nkubu, ng'ambo ya chuo cha kompyuta kilichokaa juu ya duka la dawa za mifugo, palikuwa na benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Cicily aliuzia kahawa hapo, na waliokunywa kahawa yake walijua mambo yote ya dunia isipokuwa saa ya kwenda shambani. Julai moja ya baridi, mwaka wa tisini na tisa, Mutugi wa Runji alifika akitweta, ameshika kanda ndogo ya kamera kama mtu aliyebeba kifaranga. Miaka miwili nyuma, siku ya mahari ya dada yake Ruguru, alipewa kamera na binamu yake akarekodi saa nzima. Baba yake, Mzee Runji, alibariki siku hiyo, na kabla ya mavuno akafariki. Hakuna mahali pengine popote alipobaki akionekana na kuongea ila kwenye kanda hiyo, na sasa kanda imeota ukungu.

— Sheila wa chuo hapo juu ameiangalia, akasema Mutugi. Anasema itapita kwa mashine mara moja tu, halafu kwisha.

— Si aiingize kwa kompyuta! akasema Nyamu. Huyu walimwita Antena, tangu alipopanda paa la kanisa kurekebisha antena akashushwa na wazima moto.

— Ndiyo hiyo shida. Picha inaingia ikiwa nono, inafinywa baadaye. Kompyuta iko na nafasi ya dakika kumi pekee. Na hiyo kifaa ya kunyonya picha ni ya kuazima, kesho inarudi Nairobi. Saa kumi nimwambie aanzie wapi.

— Dakika kumi kati ya sitini, akasema Cicily, akimmiminia kahawa bila kuulizwa. Pole, baba.

— Pole ya nini? Antena akajivuta mbele. Mnaogopa kufinya bure. Kompyuta ikiona kitu imerudiwa, inatoa. Mbuzi walikuwa wangapi?

— Thelathini.

— Na wote weupe. Inaweka mmoja, halafu inaandika pembeni: mara thelathini. Umeokoa nafasi!

Kaberia akatua kikombe. Yeye aliitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kortini, akatoa ushahidi mpaka hakimu akaahirisha kesi.

— Hapo mmekosea kisheria. Wakwe wako wametoka Ruiri, watu wa mifugo. Waone video wamekuja na mbuzi mmoja, kama wanaenda kuona mgonjwa? Hiyo ni kuharibia mtu jina!

— Na kwaya je? akauliza Cicily. Wote walikuwa wamevaa kijani.

— Atabaki mmoja, akasema Antena bila huruma. Ataimba sauti zote nne.

— Na shangazi za Mutugi, wale mapacha?

Antena akafikiri.

— Hapo ni bahati. Anaweza kubaki yule mkali.

Benchi likacheka mpaka tofali likasogea. Mutugi hakucheka. Alitazama saa ya mkononi: saa tisa na robo.

— Na kitu ambayo haisongi? akauliza.

— Hiyo ndiyo rahisi kabisa. Inapigwa picha moja, inaachwa hapo. Ukuta, mti, kiti.

— Baba alikaa pale pale mchana kutwa. Alikuwa mgonjwa.

— Ee... Antena akajikuna shingo. Basi kompyuta inaweza kufikiri ni sehemu ya kiti.

Mutugi alijua Antena anabahatisha, alijua kabisa, lakini neno lile lilimuuma.

— Wewe Nyamu, nyamaza kidogo, akasema Cicily.

— Mimi nasema tufanye kazi, Wakili akaingilia. Leta karatasi. Tuandike nani lazima aonekane. Mimi nilisimama kupokea asali ya mahari kwa niaba ya ukoo. Dakika tatu hizo. Nilikuwa na suti.

— Ya kuazima, akasema Antena.

— Kamera haijui hiyo!

— Basi na mimi dakika mbili. Nilishika nyaya za spika. Bila mimi hakuna mtu angesikia kitu.

— Mimi sitaki nyingi, akasema Cicily. Mnionyeshe nikiinua sufuria ile kubwa. Nusu dakika. Mama yangu hajawahi kuamini niliiinua peke yangu.

Mutugi, kwa kukosa la kufanya, akaandika. Asali tatu, nyaya mbili, sufuria nusu, mbuzi wote thelathini wakihesabiwa, shangazi wote wawili kwa usalama wake. Alipojumlisha akapata dakika kumi na moja, na baba yake bado hajaingia.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mgeni, Kithaka wa Manyatta kule Embu, mzee aliyeleta miche ya makadamia na sasa alingoja mteja wake. Alikuwa amekunywa vikombe viwili akiwasikiliza.

— Samahani, wanangu, akasema. Huyo mzee alibariki akisema nini?

Wakili akafungua mdomo.

— Alibariki vizuri sana. Vile wazee hubariki.

— Akisema nini?

— Si... mambo ya uzao. Na amani. Kwani wazee husema nini?

— Mimi nilikuwa nyuma na sufuria, akasema Cicily polepole.

— Spika zilikuwa zinaangalia upande ule mwingine, akasema Antena.

Wakamgeukia Mutugi. Mutugi alijaribu kukumbuka, na alichopata ni taa nyekundu ya betri, tundu dogo la kutazamia, na mlio wa kamera sikioni. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa baba yake, akijitahidi kichwa cha mzee kisikatwe kwenye picha. Aliona midomo ikicheza. Hakusikia neno hata moja. Aibu ikampanda usoni mbele ya watu wote.

Akasimama, akavuka barabara mpaka chini ya dirisha la chuo.

— Sheila! Sauti peke yake, bila picha, ingeingia ngapi?

Sheila akachungulia.

— Sauti ni nyepesi. Saa nzima itaingia, na nafasi ibaki.

— Basi weka sauti.

Kule benchini hakuna aliyeamini masikio yake.

— Mutugi! akaita Wakili. Na suti yangu?

— Utasikika, Wakili! Kila neno ulilosema karibu na kamera!

Wakili akatabasamu. Kisha akakumbuka majina mabaya aliyowaita wakwe siku ile kabla asali haijafika, na tabasamu likamwisha. Akamwomba Cicily amwongezee kahawa, Cicily akainamisha birika, likatoa matone mawili.

Huko juu Mutugi alivuta kiti karibu na spika ya kompyuta. Sheila akamuuliza kama yuko tayari, akaitikia kwa kichwa. Mikono aliiweka magotini, haikuwa na kazi yoyote, na kanda ikaanza kuzunguka.