Kikombe cha Refa

— Nakwambia daktari wa kwenye tableti ni mtu wa kweli, anapumua, anapiga chafya!

— Umemwona wewe?

— Ameonwa na mlinzi wa getini, kupitia dirishani.

— Kwa hiyo shahidi wako ni mlinzi, na shahidi wa mlinzi ni dirisha. Wakili gani wewe!

Waliokuwa wakigombana ni Wakili na Redio. Wakili hajawahi kukanyaga mahakamani, anashona viatu, ila tangu nimjue hajakubali kushindwa na mtu. Redio ni kinyozi wa kibanda cha pembeni, na aliyewahi kunyolewa naye hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Wa tatu ni Bosi, msukuma mkokoteni, ambaye hulala juu ya mkokoteni wake akisubiri mzigo na huamka mabishano yakikolea. Mimi ni binti wa kahawa. Niliacha shule mama alipougua, nikashika birika lake na jiko lake. Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi, na ng'ambo ya barabara kuna ukuta mweupe wenye geti la kijani. Hiyo ni nyumba ya wazee. Siku hiyo nilimimina vikombe vinne kwa watu watatu. Kile cha nne kilikuwa cha Refa.

Refa alikuwa fundi bomba, na baada ya kustaafu akawa mtu wa benchi kuanzia asubuhi. Mabishano yakifika pabaya aligonga kijiko kwenye kikombe, ngo ngo ngo, na kila mtu alinyamaza hata kama hakuna aliyeshinda. Mimi alinisomesha gazeti kwa sauti kila siku. “Soma, binti, macho yangu yamechoka,” alikuwa akisema, ingawa macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Kisha akateleza bafuni, mguu ukapata kidonda kisichotaka kupona, na mwanawe anayefanya kazi mbali akamlipia chumba kule ng'ambo. Wakili ndiye aliyembebea begi. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia: “Nenda, Refa. Ni kuvuka barabara tu. Kila Jumapili tutakuja mpaka utatuchoka.”

Mimi Jumapili siuzi kahawa. Kwa hiyo nilijua wanaenda.

Siku za wiki tulikuwa tukimwona siku ya hospitali. Gari la nyumba ya wazee lilipotoka, dereva alisimama hapa kwetu kwa sababu na yeye alipenda kahawa. Refa alikaa dirishani, akapokea kikombe chake, akauliza leo wanabishania nini, akatoa hukumu, gari likaondoka. Halafu wakaleta hiyo tableti. Daktari akawa anawaona wazee akiwa hukohuko aliko, na gari likabaki la kubebea mchele na sabuni. Hata hivyo siku yake ya hospitali ikifika, mimi humimina kikombe.

— Mimi nasema ni filamu, Redio aliendelea. Wamemrekodi daktari mmoja, wanamwonyesha kila mzee. Anatikisa kichwa, anasema “meza dawa mara mbili”. Nani hajui kusema meza dawa mara mbili?

— Na wakimwuliza swali? Wakili akamkatiza.

— Anatikisa kichwa tena.

Bosi akainuka kwenye mkokoteni, akajifuta uso.

— Ninyi mmesahau haraka. Mmesahau yule bibi aliyevunjika nyonga akishushwa garini? Mmesahau walivyokuwa wakitoka alfajiri na kurudi jioni, wameloa, njaa inawauma, foleni imewamaliza? Mimi niliwasaidia kuwashusha. Wale wazee ni wepesi kama magunia matupu. Afadhali hicho kioo.

— Hakuna anayekataa kioo, Bosi, alisema Redio. Tunauliza kwa nini Refa hapiti.

— Hapiti kwa sababu hana pa kwenda!

— Wewe unadanganywa, mdogo wangu, alisema Wakili, akavuta uzi kwa meno. Sikiliza. Kile kioo kina mwanga. Mwanga ukimmulika mzee muda mrefu unamnyonya nguvu, anakonda. Ukiona mtu anakaa na simu usiku kucha asubuhi yuko vipi? Kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Sasa weka na uzee juu yake.

— Kwani umemwona amekonda? Bosi akauliza.

— Nitamwona wapi?

Nilimtazama. Nilidhani ametania.

— Basi mimi ninayo ya kweli, Redio akasema, na kila Redio akisema anayo ya kweli ujue kahawa itakuwepo lakini ukweli hautakuwepo. — Refa ana moyo mzuri, sivyo? Fundi bomba, kapanda ngazi maisha yake yote. Daktari kausikiliza huo moyo kwa kile kifaa, kashangaa. Akawaita wenzake wausikilize. Wenzake wakawaita wanafunzi. Sasa hivi Refa anaangaliwa na watu duniani kote. Amekuwa staa! Mtu wa namna hiyo atakumbuka benchi la mbao?

— Refa asingejisikia, nilisema.

— Nyamaza, binti, umaarufu huujui wewe.

— Hata Redio angeujua angetulia, alisema Bosi.

— Hapana, hapana, Wakili akapiga nyundo kwenye soli. Mnataka kusikia ninachokiogopa? Ninachokiogopa mimi ni kwamba Refa hayupo kabisa mle ndani. Wamemhamisha kitambo. Wanachomwonyesha mwanawe kwenye simu ni picha yake inayotembea. Siku hizi wanaweza. Wanachukua uso, wanachukua sauti, mtoto analipa kila mwezi kwa ajili ya picha.

Hapo hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja alikuwa akingoja kusikia kijiko kikigongwa.

Geti la kijani likafunguka. Akatoka dada mmoja mwenye sare ya kiuguzi na viatu vya plastiki, akavuka barabara akiwa ameshika chupa ya chai. Alikuwa mgeni kwetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, karibu.

— Naomba unijazie kahawa, mdogo wangu. Isiwe na sukari nyingi. Akageuka. — Ninyi ndio watu wa kijiweni?

— Ndio sisi, alisema Redio, akajiweka sawa. Sisi ndio kijiwe chenyewe.

— Wazazi wangu, nimetumwa kahawa, sikutumwa maneno. Lakini nitayasema.

Akakaa mwisho wa benchi, mahali pa Refa, bila kujua.

— Yule mzee wenu kidonda kimepona, alisema. Ningependa mjue hilo. Miezi yote ile ya kubebwa kwenye gari kilikuwa kinafunguka kila barabara ilipokuwa na shimo. Daktari alipoanza kukiangalia kwenye tableti, mimi namshikia kamera karibu, akakiona siku kilipoanza kuharibika, akabadilisha dawa siku hiyohiyo. Zamani tungengoja zamu yake ya hospitali na mguu ungekatwa.

— Nimesema mimi! Bosi akapiga mkokoteni. Nimesema!

— Presha imeshuka. Usingizi upo. Daktari anamjua vizuri, wanaongea, wanacheka. Basi, mwezi uliopita akaanza kuumwa kifua. Daktari akanielekeza niweke kifaa hapa, niweke pale, akasikiliza. Hakuna kitu. Wiki iliyofuata sikio. Nikamulika sikio, daktari akatazama. Hakuna kitu. Mara goti, mara macho, mara anasema anasikia maji tumboni. Kila mara anamalizia: “Daktari, hii ni kubwa, nipeleke hospitali kwa gari.”

Wakili aliweka kiatu chini.

— Juzi daktari akamwambia, “Babu, mimi na wewe tunaheshimiana. Huumwi. Hilo gari unalitakia nini?” Mzee akasema, “Gari likipita kijiweni huwa linasimama.”

Kahawa ilikuwa inachemka, nikaiacha ichemke.

— Daktari akaniuliza mimi kijiwe kiko wapi. Nikamwambia, daktari, kinaonekana kutoka getini. Akasema basi hiyo dawa mimi sina huku, nenda kaifuate wewe. Tangu juzi chakula hakili vizuri. Anakula vijiko viwili vitatu, anasema ameshiba. Miguu haina nguvu ya kufika getini, anafika mlangoni kwake tu na kile chuma chake cha kutembelea. Chumba chake kinatazama nyuma, kwenye kamba za mashuka.

Akasimama, akapokea chupa yake. Sikuona hasira usoni mwake. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli:

— Wazazi wangu, kwani kuvuka hii barabara kuna nini?

Redio akatazama kibanda chake. Bosi akashika mpini wa mkokoteni, akauachia. Wakili akawa anatafuta sindano iliyokuwa kwenye vidole vyake.

— Jumapili hamwendi? niliuliza. Nilisikia sauti yangu ikitoka juu, kama ya mtoto. — Hata mara moja?

— Unajua, binti, alisema Redio taratibu, gari lilipokuwa linamleta, ilikuwa rahisi.

— Mimi nilifika getini, Bosi akasema. Nilifika. Nikaona viti vimepangwa ukutani, wazee wamekaa wanatazama geti. Kimoja kilikuwa kitupu. Nikarudi.

Dada wa nyumba ya wazee alinitazama, akaaga, akavuka. Niliinua birika kumimina, likatoa tone na moshi. Kilichobaki ni kile kikombe cha nne, na kilikuwa kimeshapoa. Nikakipasha kwenye sufuria ndogo, nikakifunika na kisahani, nikachukua na gazeti.

— Twendeni, nilisema.

— Nina mteja, alisema Redio. Kiti cha kibandani kwake kilikuwa kitupu na taulo limekunjwa juu yake.

— Mkokoteni nitauacha na nani? alisema Bosi.

Wakili ndiye aliyeinuka. Tulivuka pamoja, mimi nimeshika kikombe kwa mikono yote miwili, yeye mikono nyuma. Tulipofika getini akainama.

— Tangulia, mwanangu. Mwambie niko hapa nje, nafunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa ndala.

Nilisubiri kidogo. Nikaona bega lake likitikisika, nikageuza uso, nikaingia peke yangu.

Chumba cha Refa kilinuka sabuni na dawa ya kuchua. Tableti ilikuwa kwenye stendi yake yenye magurudumu kando ya kitanda, imezimwa, na kwenye kioo chake cheusi nilimwona Refa kabla ya kumwona mwenyewe. Hakuwa amekonda kama Wakili alivyosema. Aliponiona alipapasa shuka, akatafuta miwani, akaivaa, akaivua.

— Birika limekuja lenyewe! alisema. Shikamoo ya mzee wako iko wapi?

— Shikamoo, babu.

— Marahaba. Weka hapo, weka. Akatazama nyuma yangu, mlangoni. Akatazama tena. — Umekuja na nani?

— Na Wakili. Yuko getini, anafunga kamba za viatu.

Refa alikunywa kahawa yake kidogokidogo, akiishika kama inaweza kukimbia. Aliuliza leo walikuwa wanabishania nini. Nikamweleza yote, filamu, mwanga unaonyonya nguvu, na yeye kuwa staa duniani. Kwenye ustaa akacheka mpaka akakohoa. Ya picha inayotembea sikumwambia. Nikamsomea gazeti, ukurasa wa mbele wote na matangazo ya vifo, kwa sababu hayo alikuwa akiyapenda, na kila niliponyamaza kugeuza ukurasa aliinua kichwa kusikiliza kwenye korido. Walipita watu wa usafi. Alipita dada na toroli la dawa. Kahawa ikaisha. Alichukua kijiko akakigonga kwenye kikombe, mara moja tu, polepole, akakirudisha.

— Bado anafunga hizo kamba? aliuliza.

Nikasema ni kamba ndefu.

Aliinuka kunisindikiza. Alikataa nimshike. Alisukuma kile chuma chake mbele, hatua, akapumzika, hatua, na ule mguu uliokuwa na kidonda ukamfikisha mpaka kizingitini bila kutetemeka. Hapo akaegemea, akanirudishia kikombe, akanishika kichwa kama alivyokuwa akifanya nikimaliza kusoma vizuri.

— Waambie nimepona, mwanangu. Waambie ndiyo maana gari halipiti tena.