Kufuli Ambalo Sikulivuta

Ndugu zangu, mmeniomba niseme yaliyonipata. Nitasema niliyoyaona na niliyoyatenda. Ya kusikia nawaachia wengine.

Uhuru ungali mpya, nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa pamba hapa Homa Bay. Funguo zote za jengo zilikuwa mikononi mwangu. Kisha kamati ikanunua taipureta na mashine ya kurudufu, ikatia nondo dirishani mwa chumba cha ndani, na ufunguo wa chumba hicho ikampa mpiga chapa mgeni kutoka Rangwe. Nawaambia, wivu ulinishika hata mlio wa ufunguo ule kiunoni mwake niliuona kama matusi.

Sheria ilikuwa kwamba jioni yeye afunge, mimi nivute kufuli kuhakikisha, kisha nitie sahihi daftarini.

"Jaduong', vuta twende," aliniambia Ijumaa moja, akiniita mzee kwa Kijaluo, akikokota baiskeli yake.

"Nenda, bwana mkubwa wa ufunguo!"

Akacheka. "Bwana mkubwa gani baiskeli yake haina breki?"

Akaondoka, akiamini nitavuta. Sikuligusa kufuli. Niliandika "Nimekagua", nikatia sahihi.

Jumatatu tulikuta kufuli likining'inia wazi, taipureta haipo. Watu wakasema mpiga chapa ameonekana Mbita akiiuza. Nani alimwona? Mimi, ninayedai ushahidi wa kila neno, safari hii sikuuliza. Habari ile ilinipendeza mno.

Kamati ikaketi kumfukuza. Mwenyekiti akafungua daftari.

"Kufuli lilikaguliwa, sahihi ya mzee hii hapa. Basi aliyefungua ni mwenye ufunguo."

Mpiga chapa hakunishtaki.

Nikasimama. "Sahihi hiyo ni ya uongo," nikasema. "Sikulivuta. Huenda halikushika tangu Ijumaa, na mtu mwingine angeweza kuingia."

Yeye akabaki kazini, mimi nikafukuzwa. Taipureta haijapatikana hadi leo. Nililima msimu mzima nikikwepa macho ya watu, mpaka alipokuja nyumbani kwangu.

"Jaduong', nimewaomba wakurudishe. Tangu ufukuzwe, wote wanaokagua wanaogopa kunikosoa, wanatia sahihi tu. Wewe huogopi."

Nilirudi, ufunguo ukabaki kwake. Wivu haukuisha siku hiyo. Nilifanya kazi nao.

Namshukuru yeye, na kamati iliyonipokea, na mke wangu ambaye hakunisimanga hata mara moja. Ninyi mnaolinda majengo na mitambo ya watu, mkipewa kukagua mlango wa mwenzenu, uguseni kwa mikono yenu wenyewe, hasa siku ile ambayo hammpendi.