Baba Alizikwa Nikiwa Njiani

Asalaam alaikum, na wakubwa wangu shikamoo. Nyinyi wa darasa hili la jioni mmenambia mtihani wa Kiingereza unawatisha. Haya, sikilizeni.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza bila cheti, katika shule moja hapa Malindi. Siku moja akaja mkaguzi. Nilikuwa nafundisha vitenzi vya kutendwa, namna ya kuchagua kati ya jambo ambalo hutendwa kila siku na jambo ambalo limekwisha kutendwa. Kwa Kiswahili hata mtoto hakosei: mkate huokwa, mkate umeokwa. Kwa Kiingereza, wenzangu, mimi nilikuwa nabahatisha. Mkaguzi akanipokonya chaki mbele ya watoto.

"Wewe, nani aliyekufundisha?"

Watoto wakacheka. Nikaambiwa nipate cheti au niondoke.

Nawaambia, aibu ni maradhi. Nilikuwa napita vichochoroni nisikutane na wazazi wa wale watoto. Nikafanya mtihani, nikaanguka. Vitenzi vilevile. Aliyenishika mkono ni baba yangu, fundi wa kanzu, ambaye Kiingereza hakujua hata salamu. Alikuwa akisukuma cherehani huku akinambia, "Soma kwa sauti, nisikie." Nami nasoma, naye anatikisa kichwa, utadhani anaelewa.

Mtihani wa pili ulifanyiwa Mombasa. Wakati huo baba alikuwa kitandani, kifua kimembana. Nikamwambia siendi. Akaghadhibika.

"Nenda! Ukishindwa kwa sababu yangu sitakuwa radhi."

Nikaenda. Alifariki asubuhi ileile, nami nimeinamia karatasi nachagua vitenzi. Nyumbani hatukuwa na simu, na kwetu Waislamu, mnajua, maiti hacheleweshwi. Mtoto wa kiume hushuka kaburini akampokea mzazi wake. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kivuko cha Kilifi, enzi hizo daraja halijajengwa, nyuma ya malori, natafuna korosho. Nilikuwa na furaha, jamani. Mara hii maswali niliyaweza.

Nilipofika mtaani nikaliona jeneza limerudishwa kutoka makaburini, limeegemezwa ukuta wa msikiti, miguu yake ina udongo mbichi. Nikauliza, la nani? Ami yangu, mdogo wake baba, akaja akanishika mabega.

"Ameshazikwa, mwanangu. Nimeshuka mimi."

Sikulia. Hata cheti kilipokuja nikakitupa juu ya kabati. Shule nikaiacha, nikawa nakaa kwenye kiti cha baba, cherehani iko mbele yangu na sishoni chochote. Mke wangu alinisemesha mpaka akachoka. Kuanguka kwangu hasa ni huku, si kule kwa mkaguzi.

Siku moja ami akaja, akaketi mkekani.

"Unajua babako aliniuliza nini mwisho? Aliniuliza, 'Keshaingia mtihanini?' Nikamwambia keshaingia. Akashusha pumzi, akasema, 'Alhamdulillahi.' Halikuja neno jingine baada ya hapo."

Hapo ndipo nikalia. Nililia mpaka majirani wakaja.

Juma lililofuata nikarudi shuleni. Somo likanikuta lilelile. Mtoto mmoja akataka mfano, na mfano wangu ulikuwa mmoja tu. Nikawaambia, watu huzikwa. Baba yangu amezikwa. Kisha nikauandika ubaoni kwa Kiingereza, bila kubahatisha.

Sitawadanganya kwamba nimepona kabisa. Mpaka leo nikipita pale msikitini siangalii ule ukuta. Lakini namshukuru ami yangu, aliyeshuka mahali pangu. Nawashukuru akina mama waliotupikia siku za matanga, na mwalimu mkuu aliyeniwekea nafasi wakati mimi mwenyewe siitaki. Na mke wangu, Mungu amlipe.

Basi mtihani usiwatishe, mtihani hurudiwa. Lakini kesho, kabla ya kuja hapa, mwenye mzazi apitie kwake amjulie hali. Mzazi hazikwi mara ya pili.