Ernesti Shemboza wa Ngombezi, Mpiga Chapa Marobota Aliyeandika Historia ya Meli

Wapendwa waombolezaji, baba mchungaji, wazee wetu wa Mpale na wa Ngombezi, na wewe mtani Kasmiri uliyekaa hapo mbele kama mfiwa wa kwanza, tulizeni mioyo msikilize maisha ya ndugu yetu, na mtu asije akasema familia imeongeza chumvi, maana ya kwake mwenyewe ilitosha.

Ernesti Simeo Shemboza alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kijijini Mpale, wilaya ya Korogwe, mtoto wa tatu wa mzee Simeo na mama Emiliana, siku hiyo mvua ilinyesha hata mkunga akavushwa mto mgongoni mwa mtu, na huyo mtu akateleza mara mbili, haya aliyasimulia mkunga mwenyewe, ambaye hakuwa mwongo, isipokuwa kwenye umri wake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mpale kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akamaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea, si kwa kukosa akili, nafasi zilikuwa mbili na vichwa arobaini, ila Kiingereza alijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyochanika mwanzo, iliyoanzia herufi C, kwa hiyo maneno ya A na B aliyakisia, na mara nyingi alipatia.

Tarehe 5 Aprili 1971 aliajiriwa shamba la mkonge Ngombezi, akaanza kwa kukata, akahamia korona, ile mashine inayokamua majani yakabaki singa, na mwaka 1975 akapewa kazi ya kupiga chapa marobota, yale mafungu makubwa ya singa, ndipo siku moja akamwuliza msimamizi robota hili linakwenda wapi, akajibiwa linakwenda kusokotwa kamba za meli, basi, jibu hilo moja likamwingia mwilini na halikutoka tena, na tangu hapo kila robota aliliaga kama mtu anayesindikiza mtoto stendi.

Mwaka 1977 nyumba ya meneja wa zamani ilisafishwa, na sanduku zima la vitabu vya meli na mabaharia likapelekwa sokoni Manundu kufungia karanga, Ernesti aliposikia alikimbia kutoka Ngombezi hadi sokoni bila kupumzika, waliomwona wanasema alipita baiskeli tatu, akaokoa vitabu kumi na tisa, lakini kile kikubwa kuliko vyote, kinachoeleza bahari yenyewe, kilikuwa kimeshaanza kuchanwa na binti mmoja mrembo aitwaye Hosiana. Akawa anakwenda kila siku kununua karanga ili apate kurasa, mpaka binti akamwuliza, "Kaka, wewe unakula karanga au unakula karatasi?" naye akajibu, "Nasoma kwanza, dada, njaa itanisubiri." Kurasa nyingine hakuzipata, zilikwishatupwa na walaji wa Korogwe nzima, lakini Hosiana alimpata, wakafunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 2 Septemba 1978, na Mungu akawajalia watoto watatu, Pendo, Gerald na Yohana, na wajukuu tisa, wa kumi yuko njiani.

Kwa miaka thelathini na minane marehemu aliandika kitabu chake cha Kiswahili, historia ya meli tangu za matanga mpaka za mafuta, na kamba zake, madaftari kumi na moja kwa kalamu ya mkono, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kufika Tanga kuiona bahari, watu walidhani ni maringo, kumbe aliogopa isije ikawa ndogo kuliko alivyoisoma.

Mwaka 2017 alimpa madaftari hayo mtani wake, mzee Kasmiri Mwinjuma, Mzigua wa Mazingara, Handeni, aliyefanya kazi kwenye meli za mizigo miaka ishirini na miwili, ayasome kabla hayajakwenda kwa mchapishaji, na mzee Kasmiri akayarudisha mbele za watu kwenye kahawa akisema, "Mtani, meli zako zinaingia bandarini saa yoyote zinayotaka, bahari yako haipwi? Hii ni bahari au lambo la ng'ombe?" Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika, na ukweli ni kwamba ndugu yetu hakujua kuwa maji ya bahari huondoka na kurudi, kwa sababu kurasa za habari hiyo ndizo zilizokwenda na karanga, akarudi nyumbani, akayafungia madaftari kwenye gunia, akasema mpiga chapa abaki na chapa yake, kitabu kimekufa.

Lilikaa gunia hilo wiki tatu, ndipo mama Hosiana alipolifungua akamwambia, "Baba Pendo, kurasa hizo nilizichana mimi, siwezi kuzirudisha, lakini maji yenyewe hayajafungiwa karanga, nenda kayasome."

Ndivyo alivyokwenda Tanga akiwa na miaka sitini na minne, akakaa ufukweni siku saba na saa ya mkononi, akichomeka vijiti maji yanapoishia, akaona mashua zimelala ubavu kwenye matope asubuhi na jioni zinaelea, akagundua mwenyewe kwamba kila siku maji huchelewa karibu dakika hamsini, akarudi, akaandika upya sura nne, na alipoulizwa na mzee Kasmiri ameonaje, alijibu, "Ni kubwa kama nilivyoandika, ila inaondoka bila kuaga, kama Wazigua kwenye harusi zetu."

Pendo alikichapa kwenye kompyuta, na tarehe 21 Oktoba 2024 kitabu kilitoka, kurasa mia tatu na kumi na mbili, jina la Ernesti Shemboza likiwa juu, wakati huo moyo wake ulikuwa umepanuka na amelazwa hospitali ya wilaya kwa mara ya tatu, na mzee Kasmiri alikuja kutoka Mazingara na penseli, akaketi kando ya kitanda, akamsomea kwa sauti kila siku, akiapa kwamba kosa moja lazima alipate. Kila asubuhi marehemu alimwuliza, "Umelipata?" naye akajibu, "Bado, usijisifu." Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mzee Kasmiri alimaliza ukurasa wa mwisho, akaweka penseli chini, akasema, "Mtani, umenishinda," ndugu yetu akacheka, akafumba macho, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia kusomewa habari za meli wodini, majirani wa Ngombezi, wafanyakazi wenzake wa mkonge, na mzee Kasmiri, ambaye penseli yake mpaka leo haijaandika neno.

Ernesti, kitabu chako kimesomwa mpaka mwisho na aliyetaka kukukosoa, hakuna tena wa kukuuliza swali, pumzika, ndugu yetu, pumzika kwa amani ya mtu aliyemaliza.