Bwana Tak, Aliyezilisha Seli Siku ya Sikukuu

Ndiyo hivyo, akauweka ufunguo wa maabara juu ya meza ya Profesa Noh. Lakini hapo nimekimbilia mbele. Nimeambiwa niandike ya kumuaga, nianze na miaka, haya: Bwana Tak Sang-ho amekaa nasi miaka ishirini na tisa hapa maabara ya Gwangju, Korea, na Ijumaa hii anastaafu. Kazi yake kutunza seli. Yangu kuosha vyombo vya maabara, ndiyo maana namjua. Anayeosha vyombo anamjua mtu kwa anachobakiza.

Kwenye lile kabati la joto kuna visahani, na ndani ya visahani kuna seli za misuli ya panya, kwa macho huzioni. Ukizinyima chakula zinashikana, zinakuwa uzi mmoja wa msuli. Uzi ukishakuwa uzi hauzai tena. Sasa Profesa Noh alikuwa anatafuta dawa, wenyewe wanasema molekuli ndogo, ya kuukatakata ule uzi urudi kuwa seli moja moja, zisahau kabisa kama zilikuwa msuli. Halafu unazipa dawa nyingine, zinakuwa mafuta, au mfupa. Niliwahi kumuuliza Bwana Tak kama hakuna ya kumgeuza mume wangu, wakati huo yuko hai, kutwa kajilaza mbele ya televisheni. Akaniambia, "Dada, yule kashakuwa mafuta. Hapo dawa imeshamaliza kazi." Nilicheka mpaka nikavunja chupa.

Basi ikaja Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno. Kila mtu kaenda kwao kufyeka makaburi ya wazee, yeye kabaki, maana seli hazijui sikukuu. Na seli zenyewe zilikuwa kwenye njaa, zinakunywa kauji kepesi tu ili zishikane. Mkewe alikuwa kamfungia songpyeon, vile vikeki vya mchele, zile za ufuta na asali, mkewe huyo ana mkono wa kupika, ingawa kimchi yake, ile kabichi ya kuchachusha, chumvi nyingi, tuyaache. Akaketi pembeni ya kabati, akafungua kifurushi, akashindwa kutia mdomoni. Kwetu siku hiyo hata aliyekufa anaandaliwa meza. Yeye ale, wale wenzake wakae na njaa? Ndivyo anavyoziita, wenzake. Akamwaga kile kiuji, akazimiminia chakula kizito, cha kunenepesha.

Ubaya wake ni huu. Kila kisahani kina watoro, seli zilizokataa kushikana. Njaa ndiyo inawabana. Ukiwalisha wanazaana kama magugu. Kisha ukitia dawa, ukayaona mafuta, hujui tena ni mtoto wa nani, wa uzi au wa mtoro.

Wakatia dawa, wakatia ile rangi inayoshika mafuta, visahani vikawa vyekundu kama unga wa pilipili. Profesa Noh alifurahi jamani, akaagizia ofisi nzima kuku wa kukaanga. Wiki ile ile alikuwa apande treni kwenda Seoul kuonyesha picha mbele ya wakubwa wenzake. Kila mtu anakula, Bwana Tak kashika paja la kuku, hali. Nikamwambia, wewe unaumwa. Akasema, "Dada, niliwalisha." Chakula chake kikabaki vile vile.

Akaingia kwa Profesa, mlango hakuufunga, na mimi nilikuwa na kigari changu hapo hapo.

"Vile vya sikukuu nilivipa chakula kizito."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa Chuseok."

Profesa akaiangalia ile picha ya visahani vyekundu, aliyoibandika ukutani. Hapo ndipo ufunguo ukawekwa mezani. Na Bwana Tak wakati huo ana watoto shule, mkewe hana kazi. Profesa akaichomoa picha, akailaza kifudifudi mezani. Akausukuma ufunguo.

"Chukua. Jumatatu nani atawanyima chakula, mimi?"

Seoul hakwenda. Wakaanza upya. Safari hii Bwana Tak akazinyima kweli, lakini chakula chake mwenyewe cha mchana alikuwa anakwenda kukila kwenye ngazi, hata theluji ikianguka. Anasema hawezi kutafuna mbele yao. Rangi ilipotiwa, vikaonekana vidoa vyekundu vichache, ungesema mtu kapiga chafya na pilipili. Profesa akavitazama kwenye hadubini muda mrefu, akasema vichache, lakini baba yao tunamjua. Ile picha iliyotundikwa karibu na lifti ndiyo hiyo. Wageni wanauliza mbona haipendezi. Sisi tunaona inapendeza.

Tangu hapo hakuna jibu lililotoka chumba kile likarudishwa. Vijana amewafundisha, wameshachukua kabati, na mmoja nimemwona anakula songpyeon yake kwenye ngazi. Hilo hakufundishwa, ameliiga.

Bwana Tak, asante. Nenda ukatunze ile miti yako ya matunda, zile persimoni, magoti yako yapone, mke apunguze chumvi, na Chuseok ijayo kaa mezani na watu wako, ule mpaka ushibe, usiwaze ya kabati. Halafu kuna lile la mwaka mashine ilipoharibika, hilo nalo liandikwe, maana yeye...

Huyo, ananiita kwenye korido. Keki ya mchele imeshakatwa.

"Dada, umekula?"

Bado. Ngoja niende, hatagusa kitu mpaka nifike.