Mwalimu Pantaleo na Saa ya Refa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Natumaini betri za redio mlizoanika juani tangu asubuhi zimepata nguvu, maana leo nina habari ndefu kidogo, na sitaki zinifie katikati.

Leo tunamkumbuka Mwalimu Pantaleo Komba. Amefariki Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake Magomeni, akiwa na miaka sitini na mmoja. Alifundisha darasa la kwanza na la pili hapa Kariakoo kwa miaka kumi na tisa. Na alikuwa refa wa mpira. Shikeni hayo mawili: mwalimu, na refa.

Kwao ni Peramiho. Urefa wake aliufanyia viwanja vya Jangwani, kila Jumamosi, na saa yake ya kubonyeza ikining'inia shingoni. Kwa muda, Mwalimu hakuwa na masihara. Siku moja alipuliza filimbi ya mwisho mpira ukiwa hewani, unaelekea golini. Ukaingia. Akakataa goli. Lahaula! Mashabiki walimkimbiza mpaka Magomeni. Mjane wake, Mama Josepha, ameniambia: "Alifika hana kiatu kimoja, anahema. Nikadhani ataomba maji. Akatazama saa, akasema, Mama Josepha, nimetumia dakika saba na nusu."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1969 nilikuwa darasa la pili, kwake. Ndiyo, mimi huyu huyu, Sitara, mnayenisikia hapa. Na nilikuwa sijui kusoma. Herufi nilizijua. Maneno niliyajua. Lakini nikifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshanitoka.

Mwezi wa Novemba alikuwa anakuja mkaguzi. Asiyeweza kusoma angerudishwa darasa la kwanza siku hiyo hiyo. Na darasa la kwanza alikuwepo mdogo wangu Zahoro. Nikae dawati moja na Zahoro, ambaye godoro lake lilianikwa uani kila asubuhi, mtaa mzima unaona! Nilikuwa nalia chooni ili mama asinisikie.

Mama yangu, Bi Mwanamkuu, aliuza nazi na mboga sokoni. Watu walimwambia mtoto wako mzito. Wengine wakamwambia karogwa huyo, mpeleke kwa mganga. Siku moja Mwalimu Pantaleo akaja kununua bamia, akanikuta nimekaa. Akaokota kitu. "Hii nini, Sitara?"

Nikanyamaza kidogo. "Bilinganya."

"Na hii?"

Nikanyamaza tena. "Nyanya chungu."

Mama akaona haya. "Mwalimu, anavijua vyote huyu, kazaliwa navyo!"

"Naona, Bi Mwanamkuu," akasema. "Majina anayo. Yanachelewa njiani."

Kesho yake akaja darasani na boksi la majani ya chai, amelikata, amelichora. Picha tano tu: kuku, kikombe, samaki, jembe, mpira. Zile zile tano, zimevurugwa, zimerudiwa mpaka zikawa arobaini. Akatuita mmoja mmoja. Taja zote, haraka uwezavyo. Saa ikabonyezwa. Wale wasomaji wazuri walimaliza kwa nusu dakika hivi. Mimi nilitumia dakika moja na sekunde ishirini. Na wenzangu wengi waliokuwa wanajikokota kwenye kitabu walijikokota na kwenye picha. Si wote, lakini wengi. Nasema tena, wasikilizaji: picha tulizijua sote. Tofauti ilikuwa kasi ya kuzitaja.

Mwalimu akafurahi huyo! Kama ni kasi, dawa yake mazoezi, ndivyo wanavyofanya wachezaji. Basi kwa miezi miwili tukawa tunakimbiza majina. Kuku-kikombe-samaki! Jembe-mpira-kuku! Mtaa wa Narung'ombe wote ukaambukizwa. Mama alimpa mteja nazi huku akisema "kikombe hiki, mama." Na mimi nikashuka, nikashuka, mpaka sekunde thelathini na nne. Watoto wakanibeba juujuu.

Kisha Mwalimu akafungua kitabu. "Haya, Sitara, soma."

Jamani. Nilikuwa vile vile. Hakuna hata neno moja lililoongeza mwendo.

Akakaa kwenye dawati, miguu mirefu haina pa kwenda. Akatutazama, watoto arobaini na watatu. Akasema: "Nimekosea. Nimemfundisha mtoto picha tano, nikadhani nimemfundisha kusoma. Ile kasi ilikuwa inanionyesha tu nani ana shida. Yenyewe si dawa. Sitara, nisamehe."

Wasikilizaji, zama zile mwalimu alishika fimbo. Mwalimu kumwomba radhi mtoto wa miaka tisa, hadharani? Nilijiona mkubwa kuliko diwani.

Tangu siku ile, saa ikakaa mfukoni. Kila jioni alipita barazani kwetu, nikamsomea ukurasa mmoja. Ule ule. Leo, kesho, keshokutwa, mpaka maneno yakawa yananijia yenyewe. Ndipo tunafungua mwingine. Nikikwama hakunitajia neno. Alikunywa kahawa yake, akatazama wapita njia. Mama alikuwa hawezi kuvumilia: "Mtajie basi, Mwalimu, giza linaingia!" Akamjibu: "Acha, Bi Mwanamkuu. Neno linakuja."

Novemba ikafika, na mkaguzi akafika. Utaratibu wake: kila mtoto dakika moja. Mwalimu Pantaleo akasimama. "Ndugu mkaguzi, huyu mpe dakika tatu, kisha muulize alichosoma. Akishindwa, mrudishe darasa la kwanza, na mimi nihamishe unakotaka." Mkaguzi akacheka. "Haya. Saa shika wewe."

Nikapewa ukurasa sijapata kuuona. Habari ya mbuzi aliyekula kofia ya mwenyekiti wa kijiji siku ya mkutano. Nikaanza. Neno, nikasubiri. Neno, nikasubiri. Mbuzi akashikwa. Kijiji kikakaa kumhukumu. Zimebaki sentensi mbili.

Nikasikia sauti ya Mwalimu, kavu: "Muda umekwisha, ndugu mkaguzi."

Mwalimu wangu mwenyewe! Na mkaguzi, bila hata kugeuka, akasema: "Hebu nyamaza, mwalimu. Mtoto anamalizia."

Nikamalizia. Akaniuliza maswali manne, nikajibu manne, polepole. Nikaingia darasa la tatu, na Zahoro nikamwacha nyuma na godoro lake.

Nilimuuliza Mwalimu baadaye, mbona ulinifanyia vile? Akasema: "Dakika zilikuwa tatu, mwanangu. Ningesema uongo, ungejuaje kwamba umeshinda?"

Mama Josepha, Josepha, na ukoo wote wa Komba hapa Magomeni na kule Peramiho, poleni sana. Tumezika mtu, na tunamshukuru Mungu kwa kutuazima. Apumzike kwa amani.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, leo jioni mtoto wako akishika kitabu, neno likamkwama, usimtajie. Usimwite mzito. Tulia hapo hapo, hata kama mboga inaungua.

Mimi nilisubiriwa.